Heshima ya Nyumba ya Ibada

Kuna msemo unaosikika mara kwa mara katika mahubiri, na hata katika vikao vya kamati za ujenzi: kwamba kanisa ni watu, si jengo. Msemo huu una ukweli wake, nasi hatukusudii kuupinga kwa upande wa imani, maana hiyo si kazi ya makala haya. Tunalolitazama ni matumizi yake. Siku hizi umekuwa kisingizio cha kila aina ya ulegevu. Mlango ukiliwa na mchwa, tunaambiwa kanisa ni watu. Magunia ya mahindi yakirundikwa nyuma ya mimbari, kanisa ni watu. Spika zikigongomelewa misumari katika ukuta ambao mababu waliujenga kwa jasho, jibu ni lile lile.

Lugha yetu yenyewe inashuhudia kinyume. Neno mahali limepewa ngeli ya peke yake, yenye viambishi pa-, ku- na mu-, na kila mwalimu wa sarufi anajua jinsi lilivyo pweke humo. Twasema mtu mtakatifu, twasema kitabu kitakatifu. Lakini tusemapo patakatifu hatuna haja ya kutaja nomino yoyote, kwani kiambishi kimekwisha kutuonyesha kwa kidole. Hali kadhalika madhabahu, neno tulilolipata kwa Waarabu, asili yake ni mahali pa kuchinjia. Msomaji atasema hayo ni mambo ya washairi. Basi na tuyaache maneno, tuyaendee mawe.

Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alikubali mkataba uliofunga masoko ya watumwa katika milki yake. Soko la Mkunazini, mjini Unguja, likafungwa. Na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la msingi la kanisa likawekwa papo hapo. Aliyeusimamia ujenzi ni Edward Steere, ambaye mwaka uliofuata alifanywa askofu, na ambaye wanafunzi wa Kiswahili wanamjua zaidi kwa vitabu vyake vya sarufi na ngano. Kanisa lilijengwa kwa mawe ya matumbawe na saruji, na paa lake likapindwa kama pipa lililopasuliwa kwa urefu, hata wengi wakatabiri kuwa litaanguka. Halikuanguka. Mapokeo yanasema kwamba madhabahu iliwekwa pale uliposimama mti walipofungwa watumwa na kuchapwa. Steere alipofariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya madhabahu hiyo.

Kwa macho ya mpenda majengo, kanisa hilo lina kasoro zake. Sura ya Kizungu na sura ya Kiarabu zimekutana humo bila ya kuelewana sana. Tena yasimuliwa kuwa nguzo ndogo za upande wa magharibi zilisimamishwa kichwa chini na mafundi wakati Steere akiwa safarini, naye aliporudi akaziacha hivyo hivyo. Sisi twaona zinafaa kubaki hivyo. Mafundi wale walikuwa wakijifunza kazi ngeni, na mkono wao umebaki hapo kwa kila mtu kuuona. Mwenye kuheshimu jengo hamaanishi kwamba jengo ni kamilifu. Anamaanisha kwamba yaliyotendeka hapo hayafutwi kwa rangi mpya. Laiti Mkunazini pangejengwa ghala au soko la samaki, nani leo angepita pale akanyamaza?

Wala tusidhani kuwa adabu hii ililetwa na meli za wamisionari. Katika nchi ya Kondoa, jirani na mkoa wa Singida, kuna michoro ya miambani ambayo mwaka 2006 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Na huko Kolo wenyeji wameendelea kufanya matambiko chini ya miamba ile ile. Waisanzu, katika nchi ambayo leo ni Wilaya ya Mkalama, walijulikana mbali kwa kuomba mvua, na pahali pa kuombea hapakuendewa ovyo. Mwislamu huvua viatu mlangoni mwa msikiti. Musa naye, katika maandiko ya Wayahudi na Wakristo, aliamriwa kuvua vyake jangwani, mahali pasipokuwa na hata ukuta mmoja. Mtu aliyelelewa katika nchi hii, awe wa dini gani, amefundishwa tangu utotoni kwamba kuna pahali ambapo sauti hupunguzwa.

Sasa tuje Kinyangiri, maana ni katika vijiji kama hicho, wala si Mkunazini, ambamo jambo hili huamuliwa. Kinyangiri imo katika Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012: nchi ya mtama, alizeti na vitunguu, yenye msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu. Katika nchi ya namna hiyo tofali la kuchoma ni kitu cha gharama ambayo haiandikwi katika hesabu. Udongo hukandwa kwa maji, na maji ya kiangazi hubebwa kichwani, mara nyingi na wanawake, kutoka mbali. Tanuri hutaka kuni, na kuni ni miti. Ukuta wa kanisa la kijijini, hata uwe umepinda, ni safari hizo zote zilizokaushwa na kupangwa. Anayeuegemeza baiskeli yake au kuubandika matangazo ya mnada pengine hana nia mbaya. Hakuambiwa tu ameegemea nini.

Lakini ubaya mkubwa haufanywi na wazembe. Hufanywa na wenye bidii. Kamati hukusanya fedha, hununua saruji, na kuupiga lipu ngumu ukuta wa zamani wa udongo au wa chokaa ili ung'are. Ukuta wa namna hiyo huvuta unyevu kutoka ardhini na kuupumua nje; saruji huuziba pumzi. Unyevu hubaki ndani, udongo hulainika, na baada ya masika kadhaa lipu hubanduka pamoja na nyama ya ukuta. Ndipo husemwa kwamba jengo limechakaa, libomolewe. Mfereji wa bati ukingoni mwa paa, na mtaro wa kupeleka maji mbali na msingi, vingegharimu kidogo na kuokoa vingi. Ila mfereji haumpi mgeni rasmi kitu cha kuzindua.

Sheria nayo haisaidii sana. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, inayotumika Tanzania Bara, huyahesabu majengo kuwa ya kale yakiwa yalijengwa kabla ya mwaka 1863. Yaliyo machanga zaidi hupata hifadhi pale yanapotangazwa rasmi. Padri wa kwanza wa misioni ya Bagamoyo alianza kazi mwaka 1868. Kwa hiyo karibu kila kanisa la Bara liko nje ya mwaka huo, na makanisa ya Singida, yaliyoanza karne ya 20, ndiyo kabisa. Mlinzi wake ni mwenye ufunguo na mwenye ufagio.

Walimu waweza kufanya jambo moja. Mawe ya msingi ya makanisa mengi hutaja askofu aliyeyaweka, tarehe, na pengine mfadhili wa ng'ambo. Hayataji aliyekanda udongo wala aliyebeba maji. Katika vijiji vingi wamo wazee wanaokumbuka majina hayo, au majina ya mama zao waliobeba, na mwanafunzi mwenye daftari na adabu ya kusikiliza anaweza kuyaandika katika likizo moja.