Kivuli katika Milima ya Li Keran

Wachina huuita uchoraji wa mandhari kwa maneno mawili tu, mlima na maji. Jua halimo katika jina hilo, na kwa karne nyingi halikuonekana sana katika picha zenyewe. Mchoraji wa kale hakuipaka nuru, aliiachia nafasi. Ukungu, maporomoko na anga vilikuwa ni karatasi isiyoguswa na wino, na chini ya mti hukuti kivuli. Mpenzi wa mashairi, aliyezoea kusikiliza hata lile alilolinyamazia mtunzi, hatapata tabu kuuelewa utaratibu huo.

Aliyeutikisa ni Li Keran (1907–1989). Alijifunza kwa Qi Baishi na Huang Binhong, na mwaka 1954 alitoka Beijing kwenda kusini kuchora mandhari papo hapo, mlima ukiwa mbele ya macho yake. Safari zile zilimzalia jambo geni: mlima unaotazamwa na jua likiwa nyuma yake. Uso wa mlima ni mweusi, wino juu ya wino, kama alivyofunzwa na Huang. Ukingoni mwa miti na katika vijito umebaki uzi mwembamba wa karatasi nyeupe. Wapo wasemao kuwa huo ni mkopo kutoka Ulaya, kwa Rembrandt. Mkopo upo. Lakini Rembrandt akitaka mwanga huongeza rangi, na Li hana cha kuongeza. Weupe wake ni uleule wa wazee, ila ameubana kwa giza hadi ukawaka. Anayeziona picha hizo kuwa nzito mno, kwa mtazamo wetu, hajavitazama vijito.

Giza hilo lilimgharimu. Mwaka 1974, enzi ya Mapinduzi ya Utamaduni, kazi zake ziliingizwa katika maonyesho ya "picha nyeusi" mjini Beijing, umma uzione na kuzilaani. Weusi wa wino ukasomwa kuwa ni weusi wa moyo. Na mkono uliolaumiwa ndio uleule uliochora, kati ya 1962 na 1964, milima myekundu iliyotokana na shairi la Mao! Wekundu ule nao umesimama juu ya wino mzito. Uondoe wino, milima yote itapauka.

Xu Bing, aliyezaliwa 1955, amekwenda mbali zaidi: tangu 2004 hutengeneza mandhari zisizo na wino kabisa. Mwaka 2011, katika British Museum jijini London, aliifuata picha ya Wang Shimin ya 1654. Mtazamaji huona mlima kwenye kioo chenye ukungu kilichomulikwa kwa nyuma, na mlima wote ni kivuli. Akizunguka upande wa pili hukuta maganda ya mahindi na vijiti vikavu. Ni kazi ya werevu mkubwa, ingawa tukitakiwa kuchagua tungerudi kwenye vijito vya Li Keran, ambavyo havihitaji umeme.