Joka na Manyani

Mwaka 1936 J.R.R. Tolkien, mwalimu wa Oxford, aliwatetea mazimwi na joka la Beowulf, utenzi wa kale wa Uingereza, mbele ya wataalamu walioutafutia historia tu. Mwaka 1937 joka lililoibiwa kikombe lilizuka tena katika hadithi yake, The Hobbit. Kadhalika Shaaban Robert, katika Adili na Nduguze ya 1952, alitwaa kisa cha Alfu Lela Ulela cha ndugu waliogeuzwa mbwa. Akawafanya manyani, akawaita Hasidi na Mwivu. Ajabu ikawa mizani ya tabia. Mhakiki aishiaye kutaja asili amefika mlangoni, hajaingia ndani. Mwanafunzi atokaye Kongowe asomeshwe ya kale na mapya pamoja, aulize: kimegeuzwa nini, na kwa maana gani?