Wapishi wa Vitumbua wa Ukunda

Kitumbua kinachouzwa Ukunda alfajiri ni kazi iliyoanza jana yake mchana, pale mpishi alipoupepeta mchele, akautoa chuya na kuuroweka. Usiku huusaga pamoja na tui zito la nazi aliyoikuna kwa mbuzi, yaani kibao chenye ulimi wa chuma, kisha hutia sukari, iliki na hamira, akalifunika rojo hilo liumuke.

Hapa ndipo ujuzi unapodhihirika, kwa sababu hamira ikizidi, au joto la Machi likipanda, rojo huchacha kabla ya saa ya kupika na tui huharibika. Waethiopia, ambao huliacha rojo la injera, mkate wao wa nafaka ndogo iitwayo tefu, kwa siku 2 au 3, huutafuta uchachu huo. Mpishi wa kitumbua huukwepa, akitaka mapovu tu yanayoulainisha moyo wa kitumbua. Waliotangulia waliumua kwa tembo, yaani utomvu wa mnazi uliochacha, na kipimo chao kilikuwa pua.

Jikoni, kila kishimo cha karai hutiwa mafuta, rojo humiminwa kwa upawa, na kijiti chembamba hukigeuza kitumbua ukingo unapokuwa wa kahawia ilhali tumbo bado bichi. Kikicheleweshwa huungua, kikiharakishwa hupasuka, na moshi wa makaa u machoni muda wote. Bei yake hulipia mchele, nazi na makaa, bila kuzihesabu saa za usiku ambazo wasafiri wa matatu ya kwanza ya Likoni hushiba kwazo.