Kiwiko ni Wapi? Tahakiki ya Msamiati wa Mifupa na Viungo kwa Kuzingatia Mafunzo ya Utabibu Butembo

Utangulizi

Mjadala kuhusu istilahi za sayansi katika Kiswahili umekuwa kwa muda mrefu mjadala wa kuhesabu. Anayeitetea lugha huhesabu maneno iliyo nayo, na anayeipinga huhesabu iliyoyakosa. Msamiati wa mifupa ya binadamu unafaa sana kuupima mjadala huo. Kwanza, mifupa yenyewe inahesabika: mtu mzima ana mifupa 206. Pili, kila mzungumzaji anayo mwilini mwake na anaweza kuigusa, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba dhana inayotajwa ni ngeni kwake.

Makala haya yanauchunguza msamiati huo kutoka mahali ambapo wanaistilahi wa Kiswahili hawakupatazama sana, yaani mji wa Butembo, katika Kivu ya Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mjini humo, tangu 1989, kuna Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben, chenye kitivo cha utabibu. Mwanafunzi anayeishi katika mtaa wa Rughenda, jirani na kiwanja kidogo cha ndege cha mji, hujifunza majina ya mifupa kwa Kifaransa, na majina mengi ya Kifaransa asili yake ni Kilatini. Jioni hurudi kwa watu wanaozungumza Kinande na Kiswahili. Hoja ya makala haya ni kwamba udhaifu wa Kiswahili katika uwanja huu hautokani na uchache wa maneno. Unatokana na maneno yaliyopo kutokubaliwa maana moja, na pia na wanaistilahi kuziorodhesha nomino za mifupa huku wakizisahau alama na miondoko yake.

Neno moja, mahali pawili

Mfano ulio wazi kuliko yote ni neno kiwiko. Kamusi ya Johnson ya 1939 inaeleza kwamba kiwiko cha mkono ni pale kiganja kinapoungana na mkono, na kiwiko cha mguu ni pale wayo unapoungana na mguu. Leo wasemaji wengi wa Tanzania wakisema kiwiko hukusudia kiungo cha katikati ya mkono, kile ambacho wengine hukiita kisugudi, kisukusuku, kivi, au hata kisigino cha mkono. Hivyo kiungo cha kati kina majina matano, na moja kati ya hayo lina kiungo kingine pia.

Katika ushairi wingi huo ni utajiri, lakini katika chumba cha majeruhi ni hatari. Mtu mzima anayeanguka kutoka kwenye pikipiki na kujikinga kwa kiganja mara nyingi huvunjika karibu na kiganja. Mtoto anayeanguka namna hiyo hiyo huweza kuvunjika juu kidogo ya kiungo cha kati, na hapo ncha ya mfupa uliovunjika inaweza kuubana au kuuchana mshipa mkubwa wa damu unaokwenda kiganjani. Jeraha la pili linadai haraka kubwa zaidi. Barua ya mgonjwa inayosema tu kwamba kiwiko kimevunjika haimwambii anayeipokea kama ana siku nzima au saa chache.

Maneno mkono na mguu yana tatizo la namna hiyo hiyo, kwani kila moja hutaja sehemu nzima kuanzia juu hadi ncha za vidole. Lugha ina dawa yake: kiganja, kigasha, wayo, muundi, paja. Lakini maneno hayo yamebaki kamusini na midomoni mwa wazee wa pwani, na vitabu vingi vya afya huyaacha na kuandika mkono na mguu tu. Hata neno kiungo lina mzigo wake. Ni mahali mifupa miwili inapokutana, ni sehemu yoyote ya mwili, ni kitu kitiwacho katika mchuzi, na ni mchezaji wa katikati ya uwanja. Muktadha huzitenganisha maana mbili za mwisho, lakini mbili za kwanza huishi katika sentensi moja. Mgonjwa akisema anaumwa viungo, hajaeleza bado kama anaumwa magoti au mwili mzima.

Ni haki kukumbuka kwamba Kilatini nacho hakikuzaliwa kikiwa nadhifu. Katika karne ya 19 sehemu moja ya mwili iliweza kuitwa majina mengi na waandishi mbalimbali, hata wanaanatomia walipokutana Basel mwaka 1895 na kukubaliana orodha moja, ambayo ilifanyiwa marekebisho makubwa Paris mwaka 1955. Usahihi unaosifiwa leo ni tunda la makubaliano, na Kiswahili hakijanyimwa uwezo wa kukubaliana.

Taswira na maumbo

Inasemwa mara nyingi kwamba majina ya Kiswahili ni ya kitaswira mno kuweza kuwa ya kisayansi. Maoni haya hayasimami mbele ya ushahidi. Jina la Kilatini la mfupa wa mtulinga lina maana ya ufunguo mdogo, la mfupa mkubwa wa muundi lina maana ya filimbi, na shimo la nyonga linapoingia kichwa cha mfupa wa paja limepewa jina la kikombe cha siki. Mfupa wa mbele ya goti katika Kilatini ni kisahani, ilhali katika Kiswahili ni pia ya goti, yaani chombo cha mchezo ambacho watoto hukizungusha. Uti wa mgongo umegawanywa katika pingili, kama muwa. Taswira hizi hazina upungufu wowote mbele ya zile za Kirumi, na ile ya pingili inafundisha zaidi, kwa sababu inaonyesha mara moja kwamba kitu kirefu kimejengwa kwa vipande vinavyofuatana.

Ngeli nazo ni hazina. Kilatini hupunguza ukubwa kwa viambishi tamati: kinyundo, kichwa kidogo, kivimbe. Kiswahili hufanya hivyo kwa viambishi awali: fupa, mfupa, kifupa. Waliounda neno fupaja kwa ajili ya mfupa wa paja walilitumia umbo la ukubwa kwa haki, maana huo ndio mfupa mrefu kuliko yote mwilini. Fupanyonga, hata hivyo, linastahili lawama kidogo. Umbo lake linamfanya mwanafunzi adhani kwamba nyonga ni fupa moja, ilhali kila upande umeundwa kwa mifupa mitatu iliyoshikamana, na pande zote mbili huunganishwa nyuma na mfupa wa chini ya kiuno. Jina linalovutia sikio limeficha jambo ambalo somo linataka kulifunua.

Alama zinazoguswa

Upungufu mkubwa zaidi uko katika alama za mifupa, yaani nundu, kingo na mashimo ambayo mkono wa mtabibu huyatafuta juu ya ngozi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ilikuwa kazi ya heshima, lakini ililenga mahitaji ya shule. Muuguzi anahitaji kitu kingine. Anapodunga sindano takoni lazima ajue ukingo wa juu wa nyonga uko wapi ili abaki katika robo ya juu ya upande wa nje, mbali na neva kubwa ishukayo mguuni. Akikosea, mgonjwa anaweza kutoka zahanati akiburuta wayo.

Hali kadhalika, mstari unaoziunganisha kingo mbili za nyonga hupita karibu na pingili ya nne ya kiuno, na mtabibu huufuata anapotaka kuvuta maji ya kupimia ugonjwa ambao Kiswahili huuita homa ya uti wa mgongo. Jina hilo limeleta mkanganyiko wake, kwa sababu uti ni mifupa, na ugonjwa hushika utando wa ubongo na wa ugwe uliomo ndani ya mifupa hiyo. Lakini maneno ya kuzitaja alama zenyewe yapo tayari: kichwa, shingo, ukingo, nundu, mfereji, tundu. Wanaanatomia wa Ulaya walitumia maneno ya kawaida ya namna hii hii. Kilichokosekana ni kuyafunga: nundu iwe nundu siku zote, na kifundo cha nje cha mguu kitofautishwe na kifundo cha ndani, kwani cha nje hushuka chini zaidi.

Miondoko na vitenzi

Ni katika miondoko ambapo Kiswahili kinaonyesha nguvu ambayo wanaistilahi hawajaitumia. Mwanafunzi wa Butembo hukutana na maneno mawili ya Kifaransa, moja la kupeleka kiungo mbali na mwili na jingine la kukirudisha, yanayotofautiana kwa herufi moja tu. Katika ukumbi wenye kelele tofauti hiyo hupotea. Kutanua na kubana hayawezi kuchanganywa na msikilizaji yeyote. Kinyambuo cha kutendua nacho hutoa jozi ambazo somo linazidai: kukunja na kukunjua, mkunjo na mkunjuo.

Mfano bora ni mwondoko wa kukigeuza kiganja. Majina yake ya Kilatini yametokana na maneno yanayomweleza mtu aliyelala kwa tumbo na mtu aliyelala kwa mgongo. Kiswahili kina maneno hayo hayo: kifudifudi na chali. Anayeambiwa akiweke kiganja chali hahitaji tafsiri wala mchoro, na mwalimu anaweza kuongeza papo hapo kwamba mfupa wa upande wa gumba ndio unaouzunguka mwenzake.

Tiba ya mifupa nayo ina msamiati uliokomaa. Mfupa huvunjika, kiungo huteguka, mfupa huungwa, na kipande cha mti cha kuushikilia huitwa gango au banzi. Gango na mganga ni watoto wa kitenzi kimoja, kuganga, ambacho maana yake ni pamoja na kufunga kilichovunjika. Lugha iliyompa tabibu jina kutokana na mifupa haiwezi kuambiwa kwamba haina la kusema kuhusu mifupa.

Usanifu na Kiswahili cha Butembo

Pingamizi moja lazima likabiliwe. Kiswahili cha Butembo si kile cha Zanzibar. Husema mukono na mufupa, na hupunguza ukubwa kwa ka- na tu- mahali pa ki- na vi-. Istilahi iliyotungwa Dar es Salaam inaweza kufika huko ikiwa ngeni sawasawa na Kifaransa. Wakati wa mlipuko wa Ebola wa 2018 hadi 2020, uliosababisha vifo zaidi ya 2,200, ilidhihirika katika eneo la Beni na Butembo kwamba ujumbe wa afya ulioandikwa kwa lugha isiyo ya wenyeji huzaa shaka, na shaka huzaa ukaidi.

Pingamizi hili ni la kweli, lakini linaelekea kwenye wajibu wa wanaistilahi na halihalalishi kukata tamaa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Kiswahili chake hakiwezi tena kuchukuliwa kuwa tanbihi. Ka- ya Butembo inafanya kazi ile ile ya ki- ya pwani, na kamati ya istilahi yenye busara itazisikiliza zote mbili kabla ya kuchagua. Wala haipendekezwi hapa kwamba Kifaransa au Kilatini kiondolewe darasani, kwani daktari lazima asome vitabu vya ulimwengu. Kinachodaiwa ni kwamba karibu na kila jina analolikariri awe na neno moja la Kiswahili, lililokubaliwa, ambalo mgonjwa atalijibu kwa kuweka kidole mahali panapouma.

Hitimisho

Kipimo cha istilahi ya mifupa kisiwe ulinganifu wake na jina la kigeni peke yake. Neno litamkwe mbele ya watu kumi, wa pwani na wa Kivu, kila mmoja aombwe kugusa mahali panapotajwa. Vidole vikienda mahali pamoja, neno limefaulu. Vikitawanyika, kama ambavyo vingetawanyika leo kwa kiwiko, kazi ya kamusi haijakwisha.