Mpe Nietzsche Jembe

Mwandishi anayemtaja mwanafalsafa katika hadithi huwa ama anafanya kazi ama anajionyesha, na msomaji hachelewi kujua ni lipi. Hadithi za kubuni za kisayansi, zile za safari za angani na miji ya kesho, zimejaa majina hayo. Nahodha anamkumbuka Plato katikati ya hatari, roboti anamkariri Descartes, na kisa kinasimama kungoja somo liishe. Ufundi wa kweli ni adimu, na ukiuona unastahili kusifiwa.

Katika filamu ya The Matrix ya mwaka 1999, kijana Neo anafungua kitabu cha Mfaransa Jean Baudrillard. Ndani yake kumechongwa shimo, na humo ameficha diski zake za magendo. Kitabu hicho kinazungumzia mifano iliyochukua nafasi ya vitu halisi, na chenyewe kimebaki jalada. Hakuna anayeeleza lolote. Katika vibanda vya video vya huku Misungwi, mkoani Mwanza, ambako msimulizi hufunika Kiingereza cha filamu kwa Kiswahili chake, sijawahi kumsikia yeyote akilisemea tukio hilo, na sijaona mtazamaji aliyepungukiwa. Stanley Kubrick alifanya kubwa zaidi mwaka 1968 katika 2001: A Space Odyssey. Mwanafalsafa Nietzsche hatajwi, lakini jua linachomoza angani kwa tarumbeta za Richard Strauss, muziki wa mwaka 1896 uliopewa jina la kitabu cha Nietzsche kuhusu Zarathustra. Katika kitabu hicho roho ya mtu hugeuka ngamia, kisha simba, kisha mtoto. Filamu inaishia kwa mtoto anayeelea angani.

Kwa Kiswahili, fundi wangu ni Euphrase Kezilahabi. Alizaliwa mwaka 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe, akasoma seminari ya Nyegezi, kwenye kingo za jiji tunazopita sisi wa Misungwi tukienda Mwanza. Mwaka 1985 alimaliza tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison, Marekani, juu ya falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Majina aliyajua, basi, na kama angetaka kutuchosha nayo angeweza. Badala yake alitupa vitabu viwili vyembamba, Nagona (1990) na Mzingile (1991), ambavyo hadi leo vinawashikisha vichwa waliompenda kwa riwaya yake ya awali, Rosa Mistika.

Kuna watakaoniuliza kama hivyo navyo ni hadithi za kisayansi. Maabara hazimo, wala vyombo vya angani. Lakini umo mji uliokosa sauti, umo wakati unaojikunja, na katika Mzingile imo dunia iliyoteketezwa kwa silaha za nyuklia, pamoja na watu wa kuianza upya. Anayetaka zaidi ya hapo anatafuta vyuma tu.

Tazama alivyomshughulikia Nietzsche. Katika kitabu cha mwaka 1882, Mjerumani huyo anasimulia habari ya mwendawazimu aliyekwenda sokoni asubuhi na taa mkononi, akipiga kelele kwamba Mungu amekufa na sisi ndio tuliomuua. Katika kitabu kilichofuata, Zarathustra anateremka mlimani, anakutana na mzee mcha Mungu msituni, na anashangaa kwamba mzee huyo hajasikia. Kezilahabi anaipokea habari hiyo nzito kisha ni kana kwamba anauliza lile ambalo mtu yeyote wa Kanda ya Ziwa angeuliza kwanza: je, wenye msiba wameambiwa?

Kwa maana katika Mzingile msimulizi anatumwa kwa mzee Kakulu, ambaye asili yake ni masimulizi ya Wakerewe, kumpelekea habari ya kifo cha mwanawe. Huku kwetu habari ya msiba haitupwi sokoni. Hutafutwa mtu wa kuipeleka, naye akifika anakaribishwa kiti, anasalimia, anaulizwa habari za atokako, anajibu kwamba ni nzuri ingawa sote tunajua si nzuri. Ndipo anaanza kuzungukazunguka kuelekea kwenye neno lenyewe. Asiyewahi kulisikia jina la Nietzsche anaelewa safari ya namna hiyo hadi kwenye mifupa. Anayemjua anaona zaidi: kilio cha sokoni kimegeuzwa wajibu wa mtu mmoja mwenye njia ya kutembea na mzee wa kumkabili. Swali la Ulaya la karne ya 19 limepewa miguu, na limepewa adabu.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nyerere aliitumia methali hiyo mwaka 1962 alipoeleza ujamaa, akiwalenga wanaokula bila kufanya kazi. Mimi naiona inawahusu pia wanafalsafa wanaoingia katika riwaya zetu. Wengi wao wamekaa barazani miaka mingi, wanaandaliwa chai, wanasifiwa na wahakiki, na hawajapalilia hata tuta moja.

Katika Nagona kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu humo majina yanatajwa waziwazi: Plato, Marx, Freud, Nietzsche na wenzao. Kinachomwokoa mwandishi ni kwamba hakuna hata mmoja wao anayempa msafiri jibu la kufunga safari. Anawapita. Kitabu kinaelekea kwingine, kwenye Ngoma Kuu, na hapo nadhani msomaji wa Usukumani ana faida kuliko profesa wa mbali. Sisi tuliokulia kati ya Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, tunajua kwamba ngoma ni uwanja wa hoja. Watu hushindana humo kwa nyimbo, kwa dawa na kwa hila, na umati ndio unaoamua kwa kuhamia upande mmoja. Kuwapeleka Plato na Hegel wote wakangoje ngoma ni ujasiri ambao sijauona kwingine.

Marehemu Katama Mkangi wa Kenya alijaribu njia nyingine katika Walenisi (1995). Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kifo kwa kurushwa angani ndani ya chombo, ananusurika, anatua kwenye dunia ya watu walio sawa. Mwanzo wake ni wa kusisimua kuliko chochote alichoandika Kezilahabi. Akishatua, wenyeji wanaanza kumweleza mambo, wanaendelea kumweleza, na nyuma ya maelezo namsikia Marx akikohoa. Nakipenda kitabu hicho, ila humo mgeni amekaa kitako.

Sasa vijana wanaandika hadithi za akili unde kwenye simu zao, na Descartes, mwanafalsafa wa shaka, amekuwa mtu wao wa karibu. Kama yupo anayeandika juu ya mabasi ya kesho yasiyo na dereva, yanayovuka daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025, namwomba asimkalishe Descartes kiti cha mbele akihutubia. Ampe ukondakta. Akusanye nauli kuanzia Usagara, na abiria mmoja anayedai chenji yake amuulize kama hiyo mia tano ipo kweli au anaifikiria tu.