Gazeti la Waganga Lilipofuta Maneno Yake

Yako magazeti ambayo hayauzwi sokoni, na watu wachache tu huyasoma. Lakini neno likitoka ndani yake hufika mpaka kwa mama aliyebeba mtoto akingoja sindano. Ndiyo magazeti ya wataalamu. Mtaalamu akimaliza uchunguzi wake hupeleka andiko kwa mhariri, naye huwapa wataalamu wengine walisome kwanza na kusema kama lafaa. Kwa sababu hiyo, andiko likisha kupigwa chapa, watu hawamwamini mwandishi peke yake. Waliamini na gazeti lililompokea.

Tunataka kupima hapa andiko moja fupi sana, aya moja tu, ambayo gazeti la waganga la Uingereza liitwalo The Lancet lilitoa tarehe 2 Februari 2010. Kwa aya hiyo lilifuta andiko lililokuwa limelichapa Februari 1998. Kati ya siku hizo mbili ilipita miaka 12.

Andiko lililofutwa liliandikwa na Andrew Wakefield pamoja na wenzake 12, wa hospitali ya Royal Free, London. Walieleza habari za watoto 12 wenye ugonjwa wa matumbo, ambao wengi wao walikuwa na hali iitwayo otismu, yaani mtoto hupata shida ya kusema na kuchangamana na wenzake. Tena waliandika kwamba kwa watoto 8 wazazi au mganga walidhani shida ilianza baada ya chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Andiko lenyewe lilikiri kwamba halikuthibitisha neno hilo. Lakini Wakefield alisimama mbele ya waandishi wa habari akashauri chanjo hizo tatu zitolewe moja moja, na habari ikatangaa nchi nzima.

Tuwe wa haki: gazeti halikulala kabisa. Katika toleo lile lile lilichapa maoni ya wataalamu wawili waliouonya ulimwengu kwamba ushahidi ule ni dhaifu, na kwamba watu wakiogopa chanjo, surua itarudi. Basi mhariri aliiona hatari. Aliweka onyo kando ya moto, kisha akauacha moto uwake. Kwa maoni yetu hilo ni zito kuliko kama asingaliona kitu.

Moto ukawaka kweli. Katika Uingereza watoto waliochanjwa walikuwa zaidi ya 90 kwa 100. Kufikia mwaka 2003 walishuka karibu na 80, na kuzuia surua wanatakiwa 95. Mwaka 2002 wataalamu wa Denmark walitoa hesabu ya watoto zaidi ya 537,000, wala hawakuona kwamba chanjo inaleta otismu. Lakini hofu haikusikia hesabu. Mwaka 2006 kijana wa miaka 13 akafa kwa surua, wa kwanza katika nchi ile tangu miaka 14. Mwaka 2013 katika Swansea na jirani zake waliandikwa wagonjwa zaidi ya 1,200.

Sisi wa Congo hatuhitaji kuelezwa surua ni nini. Katika tauni iliyoanza mwaka 2018 watoto wetu zaidi ya 6,000 walikufa. Si kwa andiko lile: kwetu chanjo ilikosekana, au ilikuwa mbali, na watoto walikuwa dhaifu kwa njaa. Lakini mzazi aliyezika mtoto kwa kukosa sindano ana haki ya kuuliza kwa nini wengine waliofika mlangoni kwake walirudishwa na hofu ya bure.

Sasa turudi kwenye ile aya ya 2010. Inasema kwamba, baada ya hukumu ya baraza la waganga la Uingereza, mambo mawili yameonekana kuwa ya uongo: kwamba watoto walipelekwa hospitali mmoja baada ya mwingine bila kuchaguliwa, na kwamba uchunguzi ulikuwa na kibali. Kwa hiyo andiko linafutwa. Basi. Ni kweli yote. Lakini tazameni yasiyosemwa. Fedha haitajwi. Watoto wa Uingereza hawatajwi. Gazeti lenyewe halisemi lilifanya nini, kana kwamba andiko lilijipiga chapa.

Nalo lilikuwa limeambiwa. Februari 2004 mwandishi wa habari Brian Deer alileta mashtaka yake: kwamba Wakefield alihusika na fedha za wanasheria waliotaka kuwashtaki wenye kutengeneza chanjo, na kwamba watoto hawakupatikana kama ilivyoandikwa. Gazeti likakubali kwamba habari ya fedha ilipaswa kutajwa. Mengine likayakataa kwa siku chache tu. Na nani alipewa kazi ya kuchunguza? Hospitali ile ile. Mwenye kesi akawa hakimu! Mwezi uliofuata wenzake 10 wa Wakefield walikana maana iliyotolewa katika andiko, lakini andiko lilibaki miaka sita zaidi. Mwaka 2011 gazeti jingine, BMJ, lilionyesha kwamba hakuna hata mtoto mmoja kati ya wale 12 ambaye habari zake zililingana kabisa na daftari za waganga.

Wengine hujibu kwamba mhariri si polisi, hawezi kufungua makabati ya hospitali. Kweli. Lakini aweza kudai yafunguliwe na mtu asiye wa nyumba ile, na huku akawaonya wasomaji kwamba andiko lina mashaka.

Mei 2020 The Lancet lilichapa andiko jingine, juu ya dawa ya Covid, lililodai kuhesabu wagonjwa 96,000 katika hospitali 671, nyingine za Afrika. Wasomaji zaidi ya mia wakaandika barua ya kupinga. Siku 13 baada ya kutolewa, likafutwa. Kisha, Septemba, gazeti likaweka kanuni kwamba zaidi ya mwandishi mmoja athibitishe kuwa ameziona hesabu zenyewe. Mwaka 1998 swali hilo lingaliwahusu waandishi 13.