Kabla Hujamlipa Fundi wa Nyumba Janja

Vistari vya Wi-Fi vikijaa kwenye simu, wengi huona kazi imekwisha. Vistari hivyo vinaonyesha nguvu ya mawimbi tu, havionyeshi msongamano. Kwenye jengo la ghorofa lenye ruta kila mlango, taa ikichelewa kuitika au kitambuzi cha mlango kikipotea kila jioni, majirani wote wakiwa mtandaoni, mara nyingi nguvu ipo ya kutosha. Kinachokosekana ni nafasi.

Kwa hiyo muulize fundi: Wi-Fi umeiweka chaneli gani, na Zigbee, redio inayounganisha taa na vitambuzi, chaneli gani? Anayeijua kazi hujibu papo hapo. Zote mbili hutumia masafa ya gigahezi 2.4, ila namba zao hazilingani, na hapo ndipo wababaishaji hunaswa. Chaneli 11 ya Zigbee iko chini kabisa, imefunikwa na chaneli 1 ya Wi-Fi. Chaneli 11 ya Wi-Fi iko juu, imezikalia Zigbee 21 hadi 24. Fundi aliyekomaa huiacha Wi-Fi kwenye 1, 6 au 11, kisha huipenyeza Zigbee kwenye mapengo: 15, 20 au 25. Pia angalia upana. Ukikuta Wi-Fi ya gigahezi 2.4 imewekewa megahezi 40 badala ya 20, huyo alitafuta kasi ya kukuonyesha siku ya makabidhiano, akala karibu nusu ya masafa yote.

Kisha zima umeme kwenye swichi kuu, subiri kidogo, uwashe. Ruta iliyoachwa ijichagulie chaneli inaweza kuamka kwenye chaneli nyingine, ikatua juu ya Zigbee. Nyumba iliyokuwa shwari jana leo inasuasua, na lawama zinaangukia balbu. Wapo wanaoutetea mtindo huo kwa hoja kwamba ruta hukwepa majirani yenyewe. Sikubaliani nao: ruta ikihama, Zigbee kwa kawaida inabaki palepale. Chaneli ifungwe kwa mkono, na namba zake ziandikwe mahali.

Sasa chungulia nyuma ya kifaa mama, mashine inayoongoza taa na vitambuzi. Mara nyingi utakuta kidude cha Zigbee kimechomekwa moja kwa moja kwenye tundu la USB 3.0, ubavuni mwake diski ya kuhifadhia picha. Intel ilieleza mwaka 2012 kwamba USB 3.0 hutoa kelele kwenye masafa hayohayo ya 2.4. Tiba yake ni waya wa kurefusha USB, bei yake ya soda chache, unaokisogeza kidude mbali na mashine. Nikiuona waya huo, nusu ya wasiwasi wangu huisha.

Balbu na soketi za Zigbee zenye umeme muda wote hupokezana ujumbe. Vitambuzi vya betri havipokezi. Kama njia ya kufikia chumba cha nyuma inapitia balbu ambayo mtoto huizima ukutani, hiyo si njia. Dai soketi janja kwenye korido.

Mwisho washa maikrowevu yenye kikombe cha maji ndani, uzime taa ya jikoni kwa simu. Tanuri hilo hufanya kazi karibu na gigahezi 2.45, kwa hiyo kuchelewa kidogo kunavumilika. Taa isipoitika kabisa, kifaa mama kihamishwe kutoka jikoni.